DUNGU BOVU NI MTEGO WA MTU

Ndugu wanaushirika,

Bei ya mihogo na zamu za kupalilia zimeandikwa upande wa kulia wa ukuta huu. Upande huu wa kushoto twataka kusema neno moja tu, nalo ni zito. Madungu ya makonde yetu ni mabovu, na walioyajenga wanajua kuwa ni mabovu.

Tangu vuli iliyopita wameanguka watu wawili. Mmoja kijana, alikuwa akilinda mihogo usiku, fito za kukalia zikakatika chini yake. Mwengine mtu mzima, msasi wa miaka mingi, kamba ya ngazi iliachia alfajiri alipokuwa akishuka. Kijana alivunjika mkono. Umeunga lakini umepinda, na jembe halishiki sawasawa. Yule mtu mzima alipelekwa Mnazi Mmoja, na hadi leo anatembelea mikongojo. Majina hatuyaandiki. Kila mtu hapa anayajua, na tena aliyeanguka si wa kutiwa aibu. Wa kutiwa aibu ni yule aliyempandisha.

Kwanza tukumbushane dungu ni la nini. Mchana kima huingia kwenye migomba na mahindi. Usiku nguruwe mwitu huingia kwenye mihogo na viazi, na kundi moja likishinda usiku mmoja katika konde, mwenye konde hana cha kuvuna. Chui wa Unguja alisakwa sana miaka ya 1960, baada ya Mapinduzi, hata akawa haba. Nguruwe akabaki na adui mmoja, naye ni binaadamu na mbwa wake. Kwa hiyo mlinzi anakaa juu usiku kucha na tochi na debe la kupiga, na msasi anakaa juu na bunduki au mkuki akingojea. Hatusemi madungu yavunjwe. Bila dungu hatuli. Twasema anayetulindia chakula asivunjike shingo kwa uvivu wa mtu mwengine.

Sasa tuzijibu zile hoja tunazozisikia barazani kila siku.

Hoja ya kwanza: "Ajali haina kinga." Hii ndiyo inayotuudhi kuliko zote. Kamba iliyofungwa vuli, ikanyeshewa masika yote, ikapigwa na jua la kiangazi, halafu ikakatika, hiyo si ajali. Hiyo ni hesabu. Kila mtu aliyeitazama angeweza kusema itakatika lini. Na wale wanaosema ni kudra ya Mungu, twawauliza: Mtume (S.A.W.) alimwambia nini yule bedui aliyemwacha ngamia wake bila ya kumfunga? Alimwambia amfunge kwanza, kisha ndo ategemee. Masheha na maustadhi wetu wametufundisha hayo tangu chuoni. Mbona tukifika kwenye dungu tunayasahau? Mungu hakukukataza kubadilisha kamba.

Hoja ya pili: "Dungu hili ni la mwaka jana tu, liko imara." Ndugu zetu, la mwaka jana ndilo la kuogopwa. Dungu jipya ukiliona unajua limefungwa na nani. La mwaka jana juu linaonekana zima, chini mchwa keshakula nguzo ndani kwa ndani, limebaki ganda. Piga nguzo kwa kisigino cha panga usikilize. Ikilia kavu, nzima. Ikilia kama ngoma, hiyo si nguzo tena. Siku hizi watu wengi wanakata mvinje mbichi, hawaumenyi gome, wanauchimbia ardhini vivyo hivyo, kwa sababu boriti za mikoko zimekuwa ghali na kukata ovyo kumezuiliwa. Sawa, tusikate mikoko ovyo, ndiyo inayozaa samaki wetu. Lakini mvinje uliotiwa ardhini mbichi na gome lake hauna miaka. Anayeujengea lazima aukague kila msimu, na ukioza autoe.

Na kamba nazo. Kamba za plastiki zinazouzwa Darajani ni rahisi kununua na rangi zake ni nzuri, lakini jua huzila. Ukizikunja baada ya miezi zinatoka unga mkononi. Tena zinateleza, fundo linajifungua lenyewe kila mtu akijitikisa. Hapa kwetu kina mama wanafukia makumbi pwani miezi mingi, wanayafukua, wanayapiga, wanasokota kamba ambayo wazee wetu walifungia majahazi. Kamba hiyo inashika fundo. Mbona tunaipita mlangoni kwetu tukaenda kununua hatari mjini? Nayo pia inaoza, hatusemi haiozi, lakini inakuonyesha mapema: inanyauka, inatoa nyuzi. Haikatiki kwa siri.

Hoja ya tatu ni ya wasasi wenyewe: "Mwanamume hafungwi kamba kama mbuzi." Haya. Twaulize, na mwanamume anayebebwa na watu wanne juu ya mlango, huyo yukoje? Kule Marekani wako wawindaji wengi mno wanaokaa juu ya miti kungojea paa wakubwa wa kwao. Wana bunduki za kila namna, na bado moja ya sababu kubwa za wao kuumia na kufa mawindoni ni kuanguka kutoka juu ya mti. Wenyewe wamejifunza kwa gharama. Sasa wanafundishana kwamba mtu avae mikanda ya kifuani na mapajani, afungiwe kwenye mti tangu mguu unapoacha ardhi hadi unaporudi ardhini, na mikanda ya kiti ikichakaa itupwe. Hao si waoga. Ni watu waliokwisha kuzika wenzao.

Msasi mmoja katuambia kamba inamzuia asigeuke nguruwe akija upande mwengine. Kamba ndefu inazuia na tena inaua, kwa sababu mtu huanguka kwanza ndo ikamkaza. Kamba iwe fupi, ifungwe kwenye shina juu ya kichwa, isilegee. Ukiwa umekaa unageuka bila ya taabu. Kiunoni pekee haitoshi, maana ukining'inia kiunoni huwezi kuvuta pumzi.

Hoja ya nne ni ya wenye makonde, hasa wale wanaokaa Mjini na kuja siku ya kuvuna: "Pesa hakuna." Hapa twasema bila kupepesa. Dungu lataka nguzo nne, fito, kamba, na watu wanne wa asubuhi moja. Mwenye konde anayeweza kumlipa mlinzi msimu mzima anaweza kumjengea pa kukaa. Eka tatu tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 ziligawiwa ili mkulima ale jasho lake. Hazikugawiwa ili mtu akae barazani Mkunazini na mtoto wa jirani avunjike mgongo akimlindia. Huo ni unyonyaji ule ule wa zamani, umebadilisha kanzu tu.

Na watu wasituambie kwamba juu ya mti pamekuwa pa hatari siku zote kwa kila mtu. Kule Nyeri, Kenya, mwaka 1932 walijenga nyumba juu ya mti wa mgumo, wageni wapate kutazama tembo usiku wanapokuja kunywa maji. Februari 1952 binti wa mfalme wa Uingereza, Elizabeth, alikuwa juu ya mti ule usiku aliofariki baba yake, naye akawa malkia. Nani hapa ataamini kwamba walimpandisha kwa ngazi ya kamba mbovu na kumkalisha juu ya fito zilizoliwa na mchwa? Walijua kujenga, na walijenga kwa sababu anayekaa juu walimwona ni mtu. Mlinzi wa mihogo naye ni mtu.

Tazameni hata hapa hapa kwetu. Mchumaji wa karafuu ana hatari kubwa, mkarafuu mkongwe unapita mita 10 na tawi lake ni jepesi kuvunjika. Lakini suala lake limesemwa mpaka likasikika, na Shirika la ZSTC limekuwa likitoa fidia kwa wanaoanguka mikarafuuni. Karafuu ni fedha ya taifa, tunakubali. Je, muhogo? Muhogo ndio unaoliwa usiku huu katika nyumba zetu. Anayeulinda akianguka hana fidia wala mchango, ana pole tu. Pole hainunui dawa.

Kwa hiyo, ndugu wanaushirika, kamati ya tawi pamoja na wazee tumekaa, na haya ndiyo tunayoyapeleka mkutano mkuu yapitishwe:

1. Kila dungu likaguliwe mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli. Wakaguzi wawe watatu: fundi mmoja, msasi mmoja, na mmoja wa walinzi wenyewe. Lililoshindwa litiwe alama ya chokaa na lisipandwe na mtu hadi litengenezwe.

2. Kamba za dungu zibadilishwe kila msimu, hata kama zinaonekana nzima. Ushirika ununue kamba za makumbi kwa kina mama wa kijiji hiki, na mwenye konde alipe mavuno yakitoka.

3. Dungu lisizidi kimo cha watu wawili. Nguruwe anaonekana vizuri tu kutoka hapo, na hata kimo hicho chatosha kuua. Pembeni pawekwe kizuizi cha fito kufika kifuani mwa aliyekaa, maana wengi huanguka usingizini.

4. Asipande mtu na panga kiunoni, mkuki mkononi wala bunduki begani. Apande kwanza, akae, ajifunge, ndo avute silaha kwa kamba, bunduki ikiwa haina risasi na mdomo wake umetazama chini. Tena bunduki ni kwa mwenye kibali peke yake, na si ya kima punju wala paa nunga. Hao wanalindwa na sheria na wako wachache duniani.

5. Asilale mtu konde peke yake. Wawe wawili, madungu yaonane au yasikizane. Yule msasi wetu alilala chini hadi jua kuchomoza kwa sababu hapakuwa na wa kumsikia.

6. Mtoto wa skuli asipandishwe dunguni usiku. Mzazi anayemtuma atajieleza mbele ya wazee.

7. Uwekwe mfuko wa walioanguka. Kila mwanachama atoe kidogo mavunoni, na mwenye konde aliyeajiri mlinzi atoe maradufu.

Na jambo moja la haraka lisilongoja mkutano. Mtu akianguka, msimkamate mikono na miguu mkamnyanyua kama gunia. Msimkalishe juu ya baskeli wala pikipiki. Kama uti wa mgongo umevunjika, kumkunja ndiko kunakomaliza miguu yake. Mwacheni alale, shikeni kichwa chake kisigeuke, leteni ubao au mlango, msogezeni pole pole mwili wote kwa pamoja, ndo mtafute gari. Yamekwisha kutokea vijijini kwamba mtu aliyeanguka akitembeza vidole amefika hospitali havitembei tena, kwa huruma ya waliombeba vibaya.

Tunajua watakaokasirika. Watasema katibu na wenzake wamepata la kuandika. Sisi wengine tulijifunza kusoma ukubwani, usiku, kwa taa ya kandili, baada ya jembe. Tulifundishwa kwamba mtu anasoma ili ajikomboe, na kwamba ukuta huu si wa kupongezana tu. Aliye na hoja aje aiseme hadharani. Aliye na dungu bovu asije na hoja, aje na panga alikate leo, kabla ya jua kuchwa, na kesho tutakwenda sote kumsaidia kujenga jipya. Ushirika ni huo. Kulima pamoja na kumwacha mmoja aanguke peke yake si ushirika.

Mkutano ni Jumamosi hii, baada ya sala ya laasiri, bandani. Wenye makonde wanaokaa Mjini wapelekewe habari na jamaa zao, wasiseme hawakuambiwa. Walinzi na wasasi waje wote, wao ndio watakaosema kwanza.

Masika yako njiani. Kamba zilizobaki juu ya miti hazitangoja mkutano wa pili.

Ushirika ni nguvu.

Katibu wa Chama, kwa niaba ya kamati ya tawi na wazee wa kijiji