Kikulacho ki nguoni mwako

Juma lililopita nilikuwa Gachoka, Mbeere Kusini, kaunti ya Embu, kwa dada yangu. Jioni, tukichambua ndengu sebuleni, wapwa zangu wawili wa sekondari wakaweka filamu ya zamani, Man on Fire ya mwaka 2004. Muda si muda, ndengu nikazisahau.

Denzel Washington ni Creasy, askari wa zamani aliyezama katika ulevi. Anaajiriwa jijini Mexico City kumlinda Pita, binti wa miaka tisa. Mwanzoni hataki hata maongezi naye. Kisha anagundua kwamba Pita ni mwogeleaji hodari, ila hushtushwa na mlio wa bastola ya kuanzisha mashindano, akachelewa kujirusha majini. Creasy anamzoeza mlio huo siku baada ya siku, hadi mtoto anashinda. Kwangu mimi, huo ndio ulinzi wenyewe. Bunduki inakuja baadaye, Pita anapotekwa nyara, na hapo filamu inageuka kisasi na damu tupu.

Kisa hiki kilitoka katika riwaya ya A. J. Quinnell ya mwaka 1980, na kiliwahi kuigizwa mwaka 1987. Sitakumalizia uhondo. Fahamu tu kwamba waliomponza Pita hawakuwa wageni wote.

Ilipokwisha, mpwa wangu mdogo akauliza, "Mama, sisi hatuna Creasy. Mtu tunayemjua akinidhuru, utajuaje?"

Dada akanyamaza kidogo. "Na wewe, utaniambia?"

Kijana akainamia ndengu.

Msomaji, hilo ndilo swali la kwenda nalo nyumbani. Tunawaonya watoto dhidi ya mgeni wa barabarani, ilhali anayewadhuru mara nyingi ni mtu wanayemwamkia kila siku: jirani, mwalimu, mwendesha bodaboda, hata mjomba kama mimi. Mtoto atasema iwapo amezoea kusikilizwa bila kukemewa katika mambo madogo. Usisubiri kubwa. Na likitokea, nambari 116 ya kusaidia watoto hapa Kenya hupigwa bila malipo.

Filamu hii si ya wadogo. Marekani iliwekewa alama ya R, yaani aliye chini ya miaka 17 aingie na mzazi au mlezi. Itazame na vijana wako, kisha uzime televisheni, mzungumze.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.