Mtaji Mmempa, Pa Kuuzia Je?

Wanawake wenzangu, leo tuvuke maji twende mpaka Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya. Ni nchi ya milima, chai, parachichi na ndizi, na mvua yake si ya mchezo. Barabara kuu iendayo mpaka wa Malawi inapita pale, na ndizi za Rungwe zinaliwa hadi Dar es Salaam.

Ndizi hizo anauza nani? Mara nyingi ni mama. Basi kila mji wa aina hii uulizwe: mvua ikinyesha huyu mama akae wapi? Haja akajisaidie wapi? Mtoto amlaze wapi?

Tunaambiwa mwanamke amewezeshwa. Kweli, sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Jambo jema. Ugomvi wangu ni huu: mnampa mtu mtaji, hammpi pa kuuzia. Ndizi zikioza kando ya barabara, deni halifutiki. Marejesho yanamsubiri.

Na mwenye ulemavu? Sheria ya kulinda haki zake ipo tangu 2010, na inataka majengo ya umma yafikike. Mkopo apewe, halafu kiti chake cha magurudumu kikwamie kwenye mtaro usio na kivuko? Huko ni kumpa kwa mkono huu na kumnyang'anya kwa ule.

Msituambie pesa hakuna. Ushuru wa soko analipa huyu huyu mama. Paa, taa, choo chenye maji na mlango unaofungwa havingoji mfadhili.

Tena mji mdogo hurekebishika kwa urahisi, kabla nyumba hazijabanana. Dar es Salaam ilichelewa. Mwaka 2021 machinga waliondolewa barabarani, vibanda vikavunjwa, na wengi wakalalamika kwamba walikopelekwa hakuna wateja.

Sensa ya 2022 ilikuta zaidi ya thuluthi ya Watanzania wanaishi mijini, na idadi inapanda. Kwa hiyo madiwani na maofisa mipango miji, iwe Tukuyu au hapa kwetu visiwani, muiteni mama muuza ndizi kabla ramani haijachorwa. Mkimwita baadaye, mtakuwa mnamwita kumhamisha.