Ukitoa Hewa, Nyingine Inaingilia Wapi?

Theluji ya kwanza ikishaanguka hapa Minneapolis na Saint Paul, sisi wa kujenga vigari vya plastiki tunabaki na swali lile lile: tutapulizia rangi wapi? Kiangazi si shida. Unatoka nje na katoni, unaweka bodi ya kigari ndani, psss, psss, umemaliza. Lakini Januari usiku ni kama nyuzi 13 za Selsiasi chini ya sifuri, na kopo la rangi halipendi baridi. Presha inashuka, linaanza kutema matone badala ya ukungu, na matatu yako inatoka na ngozi ya chungwa. Kwa hiyo watu wanaingia ndani. Na ndani kuna mama, kuna nyanya, kuna mtoto wa dada yako anayetambaa, na labda kuna mtu mwenye pumu chumba cha pili.

Tangu tuzungumze kuhusu modeli za matatu kwenye podikasti, mnaniuliza mnunue kibanda gani cha kupulizia. Mimi nasema acheni kwanza habari ya kibanda. Kibanda ni boksi lenye feni nyuma yake, basi. Unaweza kulinunua, unaweza kulitengeneza kwa plaiwudi jioni moja. Swali lenyewe ni hewa: inatoka wapi, inaenda wapi, na inayotoka inarudishwa na nini.

Tuanze na kinachopaa. Ukipuliza rangi unaachia vitu viwili. Kuna chembe za rangi, ule ukungu unaoona. Halafu kuna mvuke wa tina, ambao huuoni. Filta inakamata chembe. Mvuke unapita kwenye filta ya kawaida kama vile haipo. Sasa kuna vibanda vinavyouzwa bei rahisi, havina bomba la kwenda nje, vinavuta hewa mbele, vinaipitisha kwenye filta, vinairudisha chumbani nyuma. Hivyo vinalinda kapeti yako tu. Mapafu ya nyanya bado yanapata kila kitu. Hata ukitumia akriliki ya maji, ambayo harufu yake ni ndogo, usikubali kurudisha hewa ndani, manake ukungu mwembamba bado ni ukungu, na harufu si kipimo cha usalama.

Wazazi wetu hawakuwa na hii shida. Mafundi wa jua kali pale Nairobi wanapaka magari mazima nje, na uwanja wao wa kazi umeshajieleza kwa jina: jua, na upepo bure. (Sisemi mapafu yao yako salama. Wengi wanafanya kazi bila barakoa, na hiyo ni habari nyingine.) Sisi tuna nyumba zilizozibwa kila ufa ili joto lisitoroke. Yaani nyumba ya Minnesota imejengwa ifanye kinyume kabisa cha unachotaka wewe ukiwa na kopo la rangi mkononi.

Haya, hesabu kidogo. Hewa inayoingia kwenye mdomo wa kibanda inatakiwa iende kama nusu mita kwa sekunde, ili ukungu usikurudie usoni. Chukua kibanda chenye mdomo wa sentimita 50 kwa 40. Hiyo ni mita 0.2 za mraba. Zidisha kwa 0.5, unapata mita 0.1 za ujazo kila sekunde, ambazo ni 360 kwa saa. Kwenye maboksi ya feni hapa Marekani wanaandika CFM, futi za ujazo kwa dakika, na namba yetu inakuja kama 212. Lakini namba ya kwenye boksi hupimwa feni ikiwa haina kizuizi chochote. Ukiweka filta, bomba na kona mbili, inashuka sana. Kwa hiyo usinunue feni ya 212, tafuta inayokaribia mara mbili yake. Feni ya bomba la inchi 6 itakutosha. Bomba la inchi 4 ndilo linalokuja na vibanda vingi vidogo, na kwa eabrashi na mdomo mdogo linaweza kufaa. Bomba liwe fupi, lililonyooka, laini ndani. Lile la kukunjika kama akodioni linakula nguvu ya feni kila mkunjo.

Na mota ya feni isiwe ya kutoa cheche, hasa ikiwa inakaa katikati ya njia ya mvuke. Makopo mengi ya rangi yanasukumwa na gesi kama propani na butani, ile ile ya jiko. Sihitaji kueleza zaidi. Ndiyo maana mimi ndani natumia eabrashi na rangi ya maji tu. Laka ya kopo nasubiri siku yenye joto kidogo, natoka nje dakika tano, narudi. Kopo lenyewe nalipasha kwanza kwenye bakuli la maji vuguvugu, si ya moto, na kamwe si juu ya jiko.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo video nyingi zinaliruka. Chumba cha kulala cha mita 3 kwa 3.5, dari mita 2.4, kina hewa kama mita 25 za ujazo. Feni yako inatoa 0.1 kila sekunde. Fanya hesabu: kila dakika nne na kitu umetoa hewa sawa na chumba chote. Inayokuja kuchukua nafasi yake inatoka wapi? Kama hujafungua kitu, itavutwa chini ya mlango, kutoka kila kona ya nyumba. Na ikikosa njia rahisi, itaingia kupitia bomba lolote lililo wazi, likiwemo bomba la moshi la hita ya maji.

Hapo ndipo mchezo unaisha. Nyumba nyingi za zamani za hapa zina hita ya maji ya gesi besimenti, ile yenye kofia ya chuma juu na pengo kati ya kofia na tangi. Moshi wake unapanda wenyewe kwa sababu ni moto. Ukiweka feni kali ndani ya nyumba iliyozibwa, unaweza kuugeuza ushuke. Moshi huo una kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi, na inaua watu wakiwa wamelala. Sheria ya Minnesota inataka kila nyumba iwe na king'ora cha kaboni monoksidi ndani ya futi 10 za kila chumba cha kulala. Angalia kama chenu kipo na kama betri iko hai, kabla hujanunua hata skrubu moja.

Kuna jaribio rahisi. Washa feni ya kibanda, washa na feni ya jikoni na ya bafuni, funga madirisha. Fungulia maji ya moto ili hita iwake, subiri dakika tano. Halafu chukua kijiti cha udi, kile kile cha mama cha Ijumaa, ukisogeze karibu na ile kofia. Moshi ukivutwa juu ndani ya bomba, sawa. Ukisukumwa nje kukuelekea, zima feni zote, fungua madirisha, na mpango wako wa kibanda umekufa mpaka upate njia ya kuingiza hewa. Kama hita yenu ina mabomba mawili ya plastiki nyeupe yanayotoka moja kwa moja ukutani, moja la kuvuta hewa na moja la moshi, hiyo haitumii hewa ya ndani na hatari ni ndogo mno. Apatimenti yenye boila la jengo zima nayo haina hilo tatizo chumbani kwako, ila utavuta harufu ya pilau ya jirani kutoka koridoni, na kusema kweli kuna mambo mabaya zaidi ya hayo.

Na msikimbilie besimenti ati kwa kuwa ni mbali na watu. Huko ndiko hita iliko. Pia Minnesota ina radoni nyingi ardhini, na ukinyonya hewa besimenti unaiita ipande kwa kasi zaidi.

Dawa ni kufungua njia unayoichagua wewe. Funga mlango wa chumba, weka taulo chini yake, fungua dirisha lingine kidogo tu, vidole viwili hivi, liwe mbali na bomba linalotoa ili usivute uchafu wako mwenyewe. Una dirisha moja tu? Basi acha mlango wa chumba wazi na ufungue dirisha la sebuleni. Ndiyo, utahisi baridi. Vaa sweta. Puliza dakika kumi, acha feni izunguke kumi nyingine, manake rangi inaendelea kutoa mvuke ikiwa inakauka, kisha ufunge.

Kwa sisi wapangaji, hakuna haja ya kutoboa ukuta wa mwenye nyumba. Pale Menards wanauza vipande vya foami ngumu ya kuzuia baridi. Kata kimoja kiingie sawasawa kwenye nafasi ya dirisha, toboa duara la bomba, weka kile kifuniko kinachofunguka hewa ikitoka na kujifunga feni ikizimwa. Ukimaliza, unatoa foami, unafunga dirisha. Foami isikae ndani ya kibanda chenyewe, kwa sababu laka inaiyeyusha kama sukari kwenye chai. Na usithubutu kuunganisha bomba lako na la mashine ya kukausha nguo au la bafuni. La kwanza limejaa nyuzi zinazoshika moto, na la pili kwenye majengo mengi huenda kwa majirani.

Barakoa: N95 inazuia chembe, haizuii mvuke. Kwa laka unahitaji ile ya mpira yenye katriji za mvuke wa kemikali. Na ndugu zangu wenye ndevu, mpira haushiki juu ya ndevu, hewa inapita pembeni. Amueni wenyewe.

Kitu kimoja nakataa kabisa, hata kwa kibanda kizuri: ile rangi ya juu ya kung'aa ya magari, yenye sehemu mbili na kikausho chake. Najua inavutia, hakuna matatu bila kung'aa. Lakini kikausho hicho kina isosianeti, na isosianeti humpa pumu mtu ambaye hakuwahi kuwa nayo. Yule mwenye pumu chumba cha pili je? Tumia ya kung'aa ya maji, tabaka tatu nyembamba, utafika.

Halafu kuna mstari wa njano. Tangu sheria za Michuki za 2004 matatu haijakamilika bila huo mstari, na kuupiga bila tepu ya karatasi haiwezekani. Tepu hiyo ni mtoto wa hapa hapa. Miaka ya 1920 magari ya rangi mbili yalikuwa fasheni, na mafundi wa Saint Paul walikuwa wakibandika magazeti kwa gundi kali, wakibandua wanang'oa na rangi. Kijana wa 3M, Richard Drew, aliyekwenda kwenye karakana kujaribu msasa, aliona hasira yao, na kufikia 1925 akawa ametengeneza tepu inayoshika bila kung'ang'ania. Kwa HiAce ya Aoshima ya 1/24, kata mstari wa milimita nne hivi, bonyeza kingo kwa ukucha, na pulizia kwanza tabaka jepesi la rangi ya chini ili lizibe nyufa za tepu. Njano ifuate. Bandua ikiwa bado laini kidogo, ukivuta kwa kurudi nyuma juu ya tepu yenyewe, feni ikiwa bado inazunguka.