Augmentin Si Dawa ya Kujiandikia

Augmentin, pamoja na wenzake wengi wanaouzwa kwa majina ya viwanda mbalimbali, ni antibiotiki ya mchanganyiko. Ndani ya kidonge kimoja mna amoksisilini, ambayo ni ya ukoo wa penisilini, na asidi ya klavulaniki. Madaktari huiandika kwa maambukizi ya bakteria: nimonia, sikio la kati, sinasi, njia ya mkojo, ngozi, jipu la jino, na jeraha la kung'atwa na mbwa au na binadamu. Mitaani imepewa sifa ya kuwa "dawa kali", na kwa sifa hiyo wapo wanaoiomba dukani kila koo linapowasha. Sifa hiyo imewapotosha wengi.

Asidi ya klavulaniki peke yake haiui bakteria kwa kiasi cha kuponya ugonjwa. Kazi yake ni ulinzi. Penisilini huua bakteria kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta wake wa nje. Lakini bakteria wengi nao hutoa kimeng'enya kiitwacho beta-laktamasi, ambacho huivunja penisilini kabla haijafanya kazi. Hila hii ilijulikana mapema mno. Mwaka 1940, penisilini ikiwa bado haijaenea hospitalini, Edward Abraham na Ernst Chain wa Oxford walikuwa tayari wamekwisha kueleza kimeng'enya cha namna hiyo. Jawabu lilichelewa. Katika miaka ya 1970 watafiti wa kampuni ya Beecham nchini Uingereza waliipata asidi ya klavulaniki kwa bakteria wa udongoni, Streptomyces clavuligerus, na mwaka 1981 mchanganyiko huo ukaingia sokoni huko. Klavulaniki hukinasa kimeng'enya na kukizima, amoksisilini ikapata nafasi ya kuua.

Basi dawa hii ina faida pale tu ambapo bakteria anajikinga kwa kimeng'enya hicho. Streptokoki anayeleta maumivu ya koo hana kimeng'enya hicho, na penisilini ya kawaida, ya bei nafuu, ingali inamuua. Kumwongezea klavulaniki ni kutupa fedha. Staphilokoki sugu wa aina ya MRSA naye hajikingi kwa njia hiyo pekee, bali amebadilisha mahali penyewe ambapo penisilini hushika, kwa hiyo mlinzi hamfai mgonjwa kitu. Mafua na vikohozi vingi huletwa na virusi, na malaria huletwa na kimelea ambaye si bakteria. Anayemeza Augmentin kwa magonjwa hayo hununua kuharisha tu. Kwa sababu hiyo sheria za Tanzania na Kenya zinaihesabu kuwa dawa ya cheti. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika kundi la antibiotiki zinazopaswa kupatikana kwa wepesi, ila wepesi huo ni wa mgonjwa aliyepimwa, si wa kila apitaye mbele ya duka la dawa.

Kabla cheti hakijaandikwa, mgonjwa ana wajibu wa kusema. Aliyewahi kutoka vipele, kuvimba midomo au kubanwa pumzi baada ya sindano ya penisilini au kidonge cha amoksisilini au ampisilini alitaje jambo hilo kwanza, kwa maana zote hizo ni za ukoo mmoja. Aliyewahi kugeuka manjano macho kwa ajili ya dawa hii asipewe tena maishani. Mwenye figo dhaifu ataje, kwa kuwa dawa hutoka mwilini kwa njia ya mkojo na huenda kipimo kikapunguzwa. Vivyo hivyo mjamzito, na anayetumia warfarini ya kuzuia damu isigande, methotreksati, au alopurinoli ya jongo.

Jambo linalokosewa sana ni hesabu ya namba zilizoandikwa kwenye boksi. Kidonge cha 625 kina miligramu 500 za amoksisilini na 125 za klavulaniki. Cha 375 kina 250 na 125. Cha gramu 1 kina 875 na 125. Aangaliaye vizuri ataona kwamba amoksisilini hupanda na kushuka, lakini klavulaniki imesimama palepale. Kwa hiyo vidonge viwili vya 375 si sawa na kimoja cha 625: amoksisilini itakuwa 500 kama ilivyotakiwa, lakini klavulaniki itakuwa 250, mara mbili ya kipimo, na hiyo ndiyo inayosokota tumbo zaidi. Duka likikosa nguvu iliyoandikwa, muuzaji asijumlishe vidonge vya nguvu nyingine ili kutimiza namba. Amrudishe mteja kwa aliyeandika cheti, au ampigie simu. Dawa ya maji ina mtego wa aina hiyohiyo. Chupa moja huandikwa 228 na nyingine 457 kwa kila mililita 5, na chupa zenyewe zinafanana. Mama aliyezoea kumpa mwanawe kijiko kimoja cha ile ya kwanza, akipewa ya pili bila maelezo, atampa takriban mara mbili. Dozi ya mtoto hupigwa kwa kilo zake, wala haikadiriwi kwa kukata kidonge cha mtu mzima.

Saa za kumeza nazo si mapambo. Kwa mwenye figo nzima, nusu ya amoksisilini iliyomo katika damu huondoka kwa muda wa kama saa 1, na dawa za ukoo huu huua vizuri zinapokuwapo katika damu kwa kiwango cha kutosha muda mrefu. Bahasha ikiandikwa 1 x 3, maana yake ni kila baada ya saa 8: kwa mfano saa 12 alfajiri, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Wengi humeza saa 1 asubuhi, saa 7 mchana na saa 12 jioni, wakalala. Hapo usiku unabaki na pengo la saa 13, na bakteria hupata nafasi ya kuzaana. Kidonge cha gramu 1 kwa kawaida ni cha kila saa 12. Aliyesahau ameze mara akumbukapo, isipokuwa wakati wa dozi inayofuata umekaribia. Hapo aiache iliyopita, asimeze mbili kwa pamoja. Katika mwezi wa Ramadhani, mgonjwa aliyeamua kufunga asijipangie mwenyewe kumeza vidonge vitatu kati ya futari na daku. Amwambie daktari tangu mwanzo, naye ataona kama ugonjwa unaruhusu dozi ya mara mbili kwa siku, au kama huyu ni wa kutumia ruhusa ya mgonjwa na kulipa baadaye.

Dawa imezwe mwanzo wa chakula. Hivyo tumbo halichafuki sana, na klavulaniki huingia mwilini vizuri zaidi. Marufuku ya maziwa, inayotajwa mno majumbani, inahusu dawa nyingine kama tetrasiklini na siprofloksasini. Chai ya maziwa haiidhuru hii.

Klavulaniki ina adui mmoja mkubwa, unyevu. Ndiyo maana vidonge vyake hufungwa kimoja kimoja katika karatasi ya madini isiyopitisha hewa. Desturi ya kuvifungua na kuvihesabu katika kijibahasha, kama zinavyotolewa panadoli, haifai hapa, na haifai zaidi Tanga, Mombasa au Unguja ambako hewa yenyewe ni maji matupu. Kidonge kilichokaa wazi hupoteza klavulaniki kabla ya amoksisilini, kikabaki na jina la dawa ya bei bila mlinzi wake. Mnunuzi akatae kupokea vilivyokwisha kufunguliwa, na nyumbani afungue kimoja wakati wa kumeza.

Chupa ya mtoto hutoka kiwandani ikiwa na unga mkavu. Hugongwagongwa ili unga uachane, kisha hutiwa maji yaliyochemshwa yakapoa, hadi kwenye alama, na kutikiswa. Tangu hapo huwekwa kwenye friji, isigande, na nyingi hutakiwa kumwagwa baada ya siku 7 hata kama nusu imebaki. Maelezo ya chupa yenyewe yafuatwe. Nyumba isiyo na friji imweleze mfamasia mapema, kwa kuwa vipo vidonge vya watoto vya kuyeyusha kwenye maji. Itikiswe kila mara kabla ya kumimina, na ipimwe kwa kijiko au bomba lililokuja na dawa. Vijiko vya jikoni havilingani.

Juu ya siku za kutumia, mazungumzo ya madaktari yamebadilika. Zamani dozi ndefu ilidhaniwa kuwa salama kuliko fupi. Sasa maambukizi mengi hutibiwa kwa siku chache, mara nyingi 5 hadi 7. Anayejua ni siku ngapi ni yule aliyempima mgonjwa, na hapo ndipo pa kusimamia. Kununua vidonge vinne kwa kuwa fedha ya mfukoni inatosha vinne, au kuacha siku ya pili homa iliposhuka, ni mambo yaliyoonywa tangu kale. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alitahadharisha katika hotuba yake ya Nobeli mwezi Desemba 1945 kwamba huenda ikafika siku dawa itakapouzwa madukani, na asiyejua atajipa kipimo kidogo na kuwafundisha vijidudu kuihimili. Siku hiyo ilikwisha kufika. Mgonjwa asiyepata nafuu baada ya siku 2 au 3 arudi hospitali, asihamie dawa nyingine kwa ushauri wa jirani. Vidonge vilivyobaki virudishwe kwa mfamasia; visimngoje mgonjwa mwingine kabatini.

Madhara yake ya kawaida ni kuharisha, kichefuchefu, na fangasi wa kinywani au ukeni. Kuharisha kidogo si sababu ya kuacha dawa. Maji na chumvi ya kuongeza maji mwilini hutosha. Kukizidi, kukawa na damu au maumivu makali ya tumbo, mgonjwa aende hospitali upesi na asimeze dawa za kufunga kuhara, hata kama dozi imekwisha kitambo. Vipele vya ghafla, uso kuvimba au pumzi kubana ni jambo la dharura: dawa iachwe, na mgonjwa akimbizwe hospitali saa hiyohiyo.

Dhara la ini ni adimu, lakini huja kwa kujificha. Huwapata zaidi wanaume na waliopita miaka 65, na laweza kutokea hadi wiki 6 baada ya kidonge cha mwisho, mgonjwa akiwa amesahau kabisa kwamba alipata kuimeza. Basi yeyote atakayeona macho yamegeuka manjano, mkojo umekuwa kama chai ya rangi au ngozi inawasha mwili mzima, amtajie daktari jina la dawa hii hata kama hakuulizwa.