Mukula ilienda Uchina, kijiji kikabaki na visiki



Hapa Lubumbashi kila mtu anajua jina mukula, ule mti mwekundu wa pori ya Haut-Katanga. Miaka ya 2016 na 2017 makamyo yalitoka upande wa Kasenga yamejaa magogo, yakapita Zambia, na mti wetu ukafika Uchina kutengeneza meza na viti vya matajiri. Mwaka 2019 mataifa yakauweka kwenye orodha ya CITES, ya miti ambayo biashara yake lazima ifuatiliwe. Lakini mahali pengi visiki tu ndivyo vilibaki.

Basiseme sheria haiko. Iko tangu 2002. Ruhusa ya kukata miti kwa kazi ndogo ya daraja la kwanza ni ya Mkongomani peke yake, na haipite hekta 50. Sasa tunauliza: hekta 50 za raia mmoja zilijaza namna gani makamyo yote ile? Mukongomani alitoa jina, mwingine akatoa pesa, bakubwa bakafunga macho.

Hii inatugusa sisi wa mujini. Mbabula zetu zinawaka makala ya pori hiyo hiyo. Pori inaweza kuvunwa miaka na miaka, kama tunachagua mti uliokomaa na kuuacha mdogo ukue. Ukikata yote kwa mara moja, kesho makala inatoka mbali zaidi, na mama ndiye analipa.

Njia iko. Dekreti ya 2014 inaruhusu kijiji kupata pori yake kwa sheria, mpaka hekta 50 000, bila mwisho wa muda. Anayesaini ni gavana, yule yule anayesaini ruhusa ile ya hekta 50. Kwa hiyo tunamuambia yeye:

1. Tangaza orodha ya ruhusa zote: jina, mahali, hekta, pesa iliyolipwa.
2. Magogo yanayokamatwa yauzwe mbele ya watu, na pesa yake ionekane.
3. Dosye za pori za vijiji zisilale mu biro.

Na sisi benye diplome zinakaa bure mu nyumba, twende tusaidie bazee kuandika hizo dosye na kuchora mipaka.

Mukula imeenda. Mti unaofuata hautapita bila raia kuuliza: karatasi iko wapi?