Muda wa Kuharibu Karatasi

Mwaka 1992 lilitoka toleo jipya la Brown Bear, Brown Bear, What Do You See?, kitabu ambacho Eric Carle wa Marekani alikuwa amekichorea picha mwaka 1967 kwa maneno ya Bill Martin Jr. Wanyama ni walewale: dubu wa kahawia, ndege mwekundu, bata wa manjano, farasi wa buluu. Picha si zilezile. Kwa miaka 25 kitabu hicho kilikuwa kimesomwa nyumbani na madarasani bila kukosa wasomaji. Mchoraji mwenyewe ndiye aliyekuwa hajamalizana nacho.

Toleo hili la jarida linahusu kazi ya aina hiyo, ile ambayo mnunuzi haioni: karatasi zilizochanwa, rangi zilizokataa, mnyama aliyechorwa upya baada ya miaka. Hoja yetu ni moja. Majaribio ni sehemu ya kazi ya mchoraji wa vitabu vya watoto, na yeyote anayeagiza picha bila kuyatengea muda na fedha ameagiza nusu ya kazi.

Carle anafaa kuanza naye kwa sababu njia yake inajulikana hatua kwa hatua. Mwanzoni alitumia karatasi za shashi za dukani, zilizokwisha kutiwa rangi kiwandani. Rangi zile zilipauka kwenye mwanga. Basi akaanza kuzipaka mwenyewe: shashi nyeupe, rangi ya akriliki, brashi, vidole, sponji, hata kipande cha zulia kilichogandamizwa juu ya rangi mbichi ili kiache alama za nyuzi. Zikikauka alizipanga kwenye droo kwa rangi zake, kijani na kijani, nyekundu na nyekundu. Alipotaka bawa au jani alifungua droo, akachagua, akakata, akabandika kwa gundi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ilifanyika kabla hajajua ni kitabu gani atakachokitengeneza. Angekuwa analipwa kwa kila picha iliyokamilika tu, siku zote za kupaka shashi zingehesabiwa kuwa uvivu.

Hata kitabu kilichompa jina duniani kilizaliwa hivyo. Alikuwa akitoboa rundo la karatasi kwa kitoboleo cha ofisini, akatazama matundu, akamfikiria mdudu anayekula vitabu. Hadithi yake ya kwanza ilikuwa ya nyungunyungu aitwaye Willi. Mhariri wake, Ann Beneduce, hakuvutiwa na nyungunyungu, akapendekeza kiwavi, na hapo Carle akamwona kipepeo wa ukurasa wa mwisho. The Very Hungry Caterpillar kilitoka mwaka 1969. Kina kurasa zilizokatwa kwa upana tofauti na matundu ambayo kidole cha mtoto hupita. Leo kimetafsiriwa katika lugha zaidi ya 60.

Hapa wahariri wenzetu wasimame kidogo. Wachapaji wa Marekani hawakuweza kukitoa kitabu chenye matundu kwa gharama inayobebeka. Beneduce angeweza kumrudishia mchoraji kazi yake na kumwambia aondoe matundu, abakize kiwavi. Badala yake alitafuta mchapaji hadi akampata Japani. Jaribio la mchoraji lilifika mikononi mwa watoto kwa sababu mhariri alilichukua kuwa mzigo wake pia, akalipigania kwenye bei na kwenye mitambo, mambo ambayo mchoraji peke yake hana uwezo nayo.

Mafanikio yale hayakumfanya Carle atulie. Katika The Very Busy Spider cha mwaka 1984, utando wa buibui umeinuka juu ya karatasi, na mtoto asiyeona anaweza kuufuata kwa kidole kadiri unavyokua ukurasa baada ya ukurasa. Mwaka 1990 kikaja kitabu cha nyenje, kikiwa na kifaa kidogo kinacholia ukurasa wa mwisho unapofunguliwa. Mwaka 1995, katika kitabu kingine, vimulimuli wakawaka taa. Mwaka 2011, akiwa ametimiza miaka 82, alitoa The Artist Who Painted a Blue Horse, kitabu cha farasi wa buluu na wanyama wengine wenye rangi zisizo zao, kwa heshima ya mchoraji Mjerumani Franz Marc. Mizizi ya kitabu hicho ni ya miaka ya vita. Carle alizaliwa Syracuse, New York, mwaka 1929, akapelekwa Ujerumani akiwa mtoto, na huko Stuttgart mwalimu wake wa sanaa, Fritz Krauss, alimwonyesha kwa siri picha za wachoraji waliopigwa marufuku na utawala wa Wanazi. Mwalimu yule alihatarisha maisha yake ili kijana aone kwamba inawezekana kuchora kwa namna nyingine. Carle alifariki Mei 2021, akiwa na miaka 91.

Msomaji wa Tanga au Kisumu atauliza: na kwetu?

Kwetu yupo John Kilaka, aliyezaliwa mwaka 1966 upande wa Sumbawanga. Anafanya kazi ndani ya mtindo wa Tingatinga, ule ulioanzishwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyefariki mwaka 1972, kwa rangi ya mafuta ya kopo juu ya vipande vya hadibodi. Lakini picha ya Tingatinga ilitengenezwa isimame peke yake ukutani. Chui mmoja, mandhari ya rangi moja, basi, mnunuzi ameridhika. Kitabu kinadai jambo jingine gumu: sokwe wa ukurasa wa tatu atambulike kuwa ndiye yuleyule ukurasa wa ishirini, hata akiwa amegeuka, amekasirika au amelala. Kilaka aliwavalisha wanyama nguo, akawapa kazi na mizigo na safari za sokoni. Ndivyo alivyomgeuza mnyama wa ukutani kuwa mhusika. Pia alirudi vijijini kusikiliza hadithi za wazee, na hadithi ya mti ambao matunda yake hayaanguki mpaka utajwe kwa jina lake imetokana na utajiri huo wa simulizi.

Jambo linalouma ni kwamba vitabu vya Kilaka vilitoka kwanza Uswisi, kwa Kijerumani. Kitabu chake cha urafiki wa Panya na Tembo kilipata tuzo ya New Horizons katika maonyesho ya vitabu vya watoto ya Bologna, Italia. Jaribio lililofanywa Dar es Salaam, kwa hadithi zetu na rangi zetu, lilipata mhariri mbali na hapa.

Wachapishaji wetu wana jibu, na si jibu la kupuuzwa. Kuchapa kwa rangi nne ni ghali, wanunuzi wakubwa ni shule, na shule hununua kinachofuata muhtasari wa masomo. Hayo ni kweli. Lakini majaribio mengi hayagusi bili ya kiwanda hata kidogo. Kuwavalisha wanyama nguo hakuongezi shilingi kwenye uchapaji. Kupaka shashi, kuchora mhusika mmoja kwa namna kumi kabla ya kuchagua moja, kukunja karatasi za daftari kuwa kitabu cha mfano na kumpa mtoto akifungue mbele yako: gharama yake kubwa ni muda. Na muda ndio tunaowanyima wachoraji. Mara nyingi mchoraji huitwa mswada ukiwa umekwisha kuhaririwa, akakabidhiwa orodha ya picha zinazotakiwa na tarehe ya kuzileta, akalipwa mara moja, na jina lake likawekwa kwa herufi ndogo kwenye ukurasa wa hakimiliki. Hapo hata mwenye kipaji atatoa kile alichokwisha kukijua.

Kurasa zinazofuata zimejaa kazi ambazo hazijakamilika, na zimechaguliwa hivyo kwa makusudi. Mchapishaji anayeandaa mikataba ya mwaka ujao azitazame, kisha amwite mchoraji mapema, siku ileile anayoanza kuzungumza na mwandishi. Aandike kwenye mkataba malipo ya majaribio, yatenganishwe na malipo ya picha. Na jina la mchoraji liwe kwenye jalada, kwa herufi za ukubwa uleule na za mwandishi.