Jina la Musafiri Linabaki Wapi?



Siku hizi habari moja inazunguka katika internat kila jioni. Wanasema: mutu akilala katika hoteli kubwa ya ngambo, ile karte ya plastiki wanayomupa kwa kufungua mulango iko na jina lake ndani, anwani ya nyumba yake, hata namba ya karte yake ya banki. Basi asiirudishe, aikate vipande, mwizi asiisome. Mwenzetu mumoja anaapa kama mujomba wake alisikia hivyo kule Bruxelles. Sisi wakapita wa kalasi ya mwisho tumeichunguza habari hiyo, na tunasema wazi: ni uongo. Lakini hofu yenyewe si ya bure. Imekosea fasi tu.

Katika mwaka 2003 barua ya kuonya watu juu ya karte hizo ilitoka kwa polisi ya muji wa Pasadena, huko California. Ikapita toka ordinatere mpaka ordinatere, dunia nzima. Kiisha polisi wenyewe wakaeleza kama hiyo si desturi ya hoteli. Mwaka 2006 gazeti Computerworld likatoa matokeo ya kupima karte 100 za hoteli: hawakukuta habari za mutu ndani. Na ukifikiri kidogo utaona sababu. Kufuli haina kazi na jina lako. Inataka kujua ni mulango gani, na mpaka siku gani. Siku ya kuondoka ikipita, karte imekufa. Ukiipoteza usiku, wa resepsio anatengeneza ingine, na ile ya kwanza haifungui tena. (Funguo ya dortoir yetu iko na namba ya chumba imechorwa juu, kwa kusaidia yeyote atakayeiokota!)

Sasa jina lako liko wapi? Liko nyuma ya meza ya resepsio. Pale njo umetoa pasiporti, simu, feza. Katika mwezi wa Novemba 2018 kampuni ya Marriott ilitangaza kama wezi waliingia katika ordinatere za hoteli za Starwood, ambazo ilizinunua mwaka 2016. Wezi hao walikuwa ndani tangu mwaka 2014, miaka mine bila kuonekana. Walifikia habari za wageni mamilioni mamia, na namba za pasiporti zaidi ya milioni 5 zilizoandikwa wazi, bila kufichwa kwa siri yoyote. Mwaka 2020 Uingereza ikawatoza fine ya paundi milioni 18.4. Hakuna mugeni hata mumoja aliyeweza kujikinga kwa kukata karte yake.

Tena si wezi tu. Muji wa Los Angeles ulikuwa na sheria ya kuruhusu polisi kufungua kitabu cha wageni saa yoyote. Mwaka 2015 Korti Kuu ya Marekani iliikataa: mwenye hoteli sherti apate kwanza nafasi ya kujitetea mbele ya muamuzi.

Na kwetu? Katiba ya mwaka 2006, artikle ya 31, inalinda maisha ya siri ya kila mutu, na tangu mwaka 2023 tuko na Code du numérique. Lakini wengi wetu tumelala katika nyumba za wageni wakati wa safari ya korali, tunajua namna inavyokuwa. Kitabu kinalala wazi juu ya meza. Ukiandika jina lako, unasoma la mama aliyekutangulia, ametoka wapi, anakwenda wapi, na namba ya karte yake. Katika jimbo letu, kujua nani anasafiri na atapita njia gani si muchezo.

Haiko mbali sana na cahier ya mulango mukubwa wa shule. Ndani yake kuna jina la mwanafunzi, simu ya muzazi, na sababu ya kutoka. Trimestre iliyopita sababu ya ugonjwa wa dada mumoja ilisomwa kwa sauti na vijana waliokuwa wanangoja mvua ipite. Yeye hakurudi kalasini siku tatu. Walituambia, "Cahier iko pale tangu zamani." Hatukatai. Tunaomba tu safu ya sababu iondolewe, na infirmier aandike ugonjwa kwake. Tunaomba pia sanduku lenye kufuli. Seremala wa shule amekwisha kutuambia mbao ziko. Tunangoja jibu la Bwana Prefe.